Kibandiko Juu ya Jina la Fatuma

Nikienda supamaketi pale Ukunda, msichana wa kaunta akipitisha sabuni yangu mbele ya ile taa nyekundu na mashine ikalia "tii", mimi huinama kidogo nisome jina la mpokeaji. Sabuni haina mpokeaji, najua. Wajukuu zangu hunicheka mpaka tunapopanda tuk-tuk. Lakini mtu akishakaa miaka thelathini na kitu nyuma ya kaunta ya posta, ile kazi haimtoki kwa sababu tu amekabidhiwa barua ya kustaafu.

Naitwa Mejumaa. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii sasa, mnaoshika skana kwenye ofisi za barua na vifurushi kuanzia Likoni mpaka Lunga Lunga. Nimewaona. Mikono yenu ni myepesi kuliko yetu, na foleni zenu huisha upesi. Ofisi niliyofanya kazi sitaitaja jina, maana nitakayoyasema yalikuwa makosa yangu mimi, na ofisi haikunituma. Ilikuwa ndogo, kaunta moja, feni moja, na benchi la wateja lililokuwa limelegea mguu mmoja tangu nilipoajiriwa.

Ile mistari inayosomwa na skana ililetwa kwetu na kijana aitwaye Mutua, kutoka Nairobi. Aliingia na maboksi mawili, akaniambia, "Sasa, mathe! Leo nakufundisha kitu ya maana."

Nikamwambia, "Mwanangu, kwanza hujambo? Umesafiri salama?"

Akaweka maboksi chini, akanijibu. Siku ya tatu alikuwa akiingia anasema shikamoo, na mimi nilikuwa nimekwisha kujua kutumia skana. Nadhani tulikuwa tumefundishana sawasawa.

Bakodi ndilo jina lake, lakini sisi tuliiita mistari tu. Nitawaeleza kama Mutua alivyonieleza, maana wengi wenu mnaitumia na hamjapata kuiangalia. Kila barua ya rejista, yaani ile inayoandikwa daftarini na kutiwa sahihi, hupewa kibandiko chake. Juu ya kibandiko kuna mistari myeusi, mingine minene, mingine myembamba. Chini ya mistari kuna herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi. Mistari na namba ni kitu kimoja. Namba ni ya macho yenu, mistari ni ya mashine. Barua husomwa inapopokelewa kaunta, husomwa inapotiwa kwenye mfuko, husomwa Mombasa inapopangwa na kuelekezwa njia yake, husomwa tena inapofika, na mwisho kabisa inapokabidhiwa. Kwa hiyo mtu akiuliza barua yake iko wapi, unaijua mahali ilipoonekana mara ya mwisho.

Ile tarakimu ya tisa ndiyo niliyoipenda. Mutua alisema ni askari wa zile nane. Mashine huzipigia hesabu zile nane, na jibu lisipolingana na ya tisa, hukataa. Siku mistari imechafuka na unaingiza namba kwa vidole, ukikosea tarakimu moja tu, haikupitishi. Nilimwambia Mutua, laiti ningekuwa na askari kama huyo kwenye daftari langu la zamani.

Hapa kwetu joto na chumvi ya hewa vina mambo yake, na vitabu vya Nairobi havikuyaandika. Gundi hulegea. Basi futa bahasha kwa kitambaa kikavu kabla hujabandika. Usibandike penye kunjo, mistari ikivunjika mashine haioni kitu. Usipitishe utepe wa plastiki juu yake, ule mng'ao huichanganya taa. Na kama umetoka kula mahamri, nawa mikono. Nilipata kuhangaika asubuhi nzima na kifurushi kimoja, nikakigeuza huku na huku, kumbe ni alama ya dole langu mwenyewe yenye mafuta.

Kulikuwa na mzee mmoja, mkulima wa korosho, alikuja siku moja na barua aliyokwisha kuichora mistari kwa kalamu na rula. Mistari mizuri, imenyooka. "Nimeona zenye mistari zinafika haraka," akasema, "nikaona nisikusumbue, nimejichorea." Nikaipitisha mbele ya skana ili nisimvunje moyo. Mashine ikanyamaza. Mzee akaitazama, akasema, "Basi ongeza mwenyewe iliyopungua." Nikambandikia cha kweli, na ile michoro yake nikaiacha ikaenda nayo mpaka Tanga.

Lakini niliwaahidi makosa. Kabla ya hapo, lazima mmjue Bwana Kassim.

Niliajiriwa bendera yetu ikiwa mpya, hata rangi hazijapauka. Stempu zilikuwa bado za nchi tatu pamoja, na msichana wa Kidigo nyuma ya kaunta ya serikali alikuwa kitu cha watu kuja kutazama. Walikuja kweli. Wananunua stempu moja, wanasimama dakika kumi. Bwana Kassim ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia safi na sauti ya chini, na alipanga barua kwenye kabati la mbao lenye vijumba arobaini bila kuangalia mkono wake unakwenda wapi. Rejista wakati ule zilikuwa na kibandiko cha namba tupu, na namba ile tuliinakili kwa mkono kila ilipopita. Ukiandika tatu ikafanana na nane, barua imepotea na wewe umepotea nayo.

Bwana Kassim hakumpa mtu rejista mpaka amemuuliza, "Mama yako anaitwa nani? Na unangoja barua ya nani?" Watu walikasirika. Mwalimu mkuu mmoja alimwambia, "Kassim, tumesoma pamoja darasa moja!" Akamjibu, "Ndiyo, bwana. Mama yako anaitwa nani?"

Nilimuuliza sababu. Akasema, "Mejumaa, majina ya watu wa pwani hii yote yanaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Juma, Ali, Hamisi, Fatuma, Mwanaisha. Nilipata kumpa Ali Hamisi barua ya Ali Hamisi mwingine. Sitaki tena."

Hakunieleza ilikuwa barua gani. Nami sikumuuliza, na nikafuata maswali yake miaka yote aliyokuwapo na miaka mingi baada ya kuondoka. Kisha ikaja mistari. Foleni ikawa inakwenda. Mtu analeta kikaratasi cha taarifa, natafuta bahasha yenye namba ile ile, naipitisha, "tii", kitambulisho, sahihi, aende. Siku moja niliacha kuuliza la mama kwa sababu kulikuwa na watu wengi. Siku ya pili sikuuliza kwa sababu jana sikuuliza.

Sasa nisikilizeni.

Kulikuwa na Fatuma Juma wawili. Mmoja alikuwa mshonaji wa makuti. Alishona kwa mafungu, malori yakaja kuyachukua kwenda kuezekea hoteli za Diani. Hakupata kusoma. Mumewe, Hamisi, alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo, na barua zake zilikuwa zikiandikwa na mwenzake yeyote aliye karibu melini, kwa hiyo kila barua ilikuwa na mwandiko wake na stempu ya nchi yake. Wakati huo alikuwa amekaa miezi mingi bila kuandika.

Fatuma wa pili alikuwa mwalimu wa chekechea kijiji cha jirani. Mumewe naye akiitwa Hamisi, alikuwa Arabuni, akifanya kazi ya udereva. Wanawake hawa wawili hawakujuana, ila wote walitumia sanduku la posta la duka la Bwana Omari, kama watu wengine wengi wasio na sanduku lao.

Ikaja rejista kutoka nje, ya Fatuma Juma, kwa sanduku la Bwana Omari. Haikuwa na mistari, ilikuwa na namba ya nchi ilikotoka tu. Barua za namna hiyo tulizibandika kibandiko chetu wenyewe, na ile namba ya kwanza tukaiingiza kwenye mashine ili zote mbili zijulikane. Nikaibandika. Nikaandika kikaratasi cha taarifa. Bwana Omari akakitoa sandukuni, akampa Fatuma wa kwanza aliyeingia dukani mwake, naye alikuwa Fatuma wa makuti, amekuja kununua mafuta ya taa. Akaja kwangu mbio, kanga imemteleza kichwani.

"Dada Mejumaa, ameandika! Mume wangu ameandika!"

Kitambulisho kilisema Fatuma Juma. Bahasha ilisema Fatuma Juma. Mashine ikalia. Akatia dole gumba kwenye kitabu, akaondoka anacheka. Nami nilifurahi kwa ajili yake, wallahi.

Zikapita siku kumi na tisa. Asubuhi moja akaingia Mwalimu Fatuma, amevaa buibui safi, ameshika kipande cha karatasi chenye namba. Shemeji yake alikuwa amepigiwa simu na kaka yake, yaani mume wa mwalimu, kutoka Arabuni, akaambiwa barua ya rejista imetumwa na namba yake ni hii.

"Labda ananiita, Bi Mejumaa," akaniambia kwa sauti ndogo, ili wateja wengine wasisikie. "Alisema akipata nyumba ataniita."

Nikaingiza namba. Mashine ikanionyesha siku barua ilipofika kwetu na namba ya kibandiko changu. Mwisho ikaandika: imekabidhiwa, Fatuma Juma.

"Umekwisha kuichukua, mwalimu," nikamwambia. "Siku kumi na tisa sasa."

"Sijachukua barua yoyote."

"Labda umesahau."

"Barua ya mume wangu? Nisahau?"

Na hapo ndipo niliposema neno ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nakula, chakula hunishinda. Nilisema, "Mwalimu, mashine haisemi uongo."

Alinitazama. Hakupandisha sauti. "Basi nionyeshe nilipotia sahihi."

Nikafungua kitabu kwa kishindo, kama mtu mwenye haki. Nikaweka kidole kwenye mstari. Palikuwa na alama ya dole gumba.

Mwalimu Fatuma akaitazama ile alama muda mrefu. "Mimi nafundisha watoto kuandika, Bi Mejumaa," akasema.

 Nikamwomba radhi, nikamwambia barua yake nitaileta mwenyewe mpaka nyumbani kwake. Akakunja kile kipande cha karatasi, akatoka. Nikafunga kaunta, nikampigia simu mkuu wangu nikamweleza, kisha nikaenda kwa Bwana Omari, na Bwana Omari akanielekeza kwa Fatuma wa makuti.

Nyumbani kwake sikumkuta. Nilimkuta mama mkwe wake, amekaa peke yake kati ya makuti yaliyokauka bila kushonwa. Nikamwamkia, nikamuuliza Fatuma yuko wapi.

"Amerudi kwao, huko Kwale," akasema. "Mwanangu amemwacha."

"Amemwacha?"

"Kwa barua. Alisomewa na ustadhi hapa hapa barazani. Talaka moja, vyombo vya nyumbani ni vyako, usinisubiri. Basi. Nilimwambia akae, eda hukaliwa nyumbani kwa mume. Akasema hawezi kulala kwenye kitanda cha mtu asiyemtaka. Amechukua na watoto." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Mimi huyu mwana nimemzaa mwenyewe, na sasa sijui ni nani."

Wanangu, nilitaka ardhi inifunike. Sikuweza kumwambia pale pale. Barua haikuwa yake, wala ya mkwewe, na habari iliyokuwamo ilikuwa ya mtu wa tatu. Nilimwambia tu, "Mama, usimlaani mwanao leo. Nipe siku moja." Nikapanda Kwale.

Fatuma alikuwa uani kwa mama yake, anamenya muhogo. Hana wanja, hana hina, amevaa kanga iliyopauka. Aliponiona mlangoni kisu kilisimama.

"Dada Mejumaa," akasema, "umeniletea nyingine?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yalipotea. Nikasema, "Nimekuja kuichukua ile. Haikuwa yako."

"Haikuwa yangu vipi?"

"Ni ya Fatuma Juma mwingine. Mumewe naye anaitwa Hamisi. Mumeo hajakuandikia chochote. Hajakuacha, Fatuma. Kosa ni langu."

Akaweka kisu chini. Kisha akasimama, akaingia ndani, akarudi na bahasha. Ilikuwa imekunjamana, alikuwa akiilalia chini ya mto. Kwa jasho na joto, kile kibandiko changu cha mistari kilikuwa kimeinuka upande mmoja. Nikakivuta taratibu. Chini yake, mbele ya jina, kulikuwa na herufi tatu zilizoandikwa kwa wino wa bluu: Mwl.

Mwalimu. Aliyeandika alikuwa ameandika kila kitu alichopaswa kuandika. Mimi ndiye niliyebandika mistari yangu juu yake.

Nikamwonyesha. Nikamweleza herufi zile ni nini. Hapo ndipo hasira ilipomjia.

"Siku kumi na tisa, dada! Nimewaambia watoto baba yao hatutaki. Mdogo ameacha kula. Nimemlaani mtu yuko katikati ya bahari, hajui lolote. Hukuweza kuniuliza? Neno moja tu, hukuweza?"

"Niliweza," nikasema. "Sikuuliza."

Akalia. Mama yake akatoka jikoni akidhani kuna msiba, akaelezwa, naye akaanza kulia na kumshukuru Mungu kwa pamoja. Mimi nimesimama na bahasha mkononi, sijui niitie mkobani au niendelee kuishika. Mwishowe Fatuma akajifuta uso, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Na huyo mwenzangu, amekwisha kujua?"

"Bado. Anadhani anaitwa Arabuni."

Akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akaingia ndani tena, akatoka amevaa buibui.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nakwenda nawe."

"Fatuma, hairuhusiwi. Barua ni ya mwenyewe tu, kanuni..."

"Kanuni ilikuwa wapi siku ile?" akasema. "Wewe utampa karatasi utie alama kitabuni uondoke. Mimi najua imeandikwa nini. Haiwezekani aisome peke yake."

 Tulishuka pamoja.

Nitangulie kidogo, msije mkabaki mnawaza. Mkuu wangu alinipa barua ya onyo, ikatiwa kwenye faili langu, na nilistahili. Mutua alipopata habari alikuja mwenyewe. Akakagua mashine, akasema, "Mathe, haikukosea mahali. Iliulizwa kuhusu bahasha, ikajibu kuhusu bahasha." Kisha akachukua kibandiko kimoja, akanionyesha pembe ya chini ya kushoto, akaniambia kuanzia siku hiyo ofisi zote atakazofundisha atawaambia wabandike hapo, mbali na maandishi. Basi na nyinyi bandikeni hapo. Na kama pembe ile imeandikwa, geuzeni bahasha mbandike nyuma, skana haichoki kugeuziwa.

Nami nilirudia maswali ya Bwana Kassim, nikayauliza mpaka siku ya mwisho. Mama yako anaitwa nani? Unangoja barua ya nani? Foleni ilirefuka, watu wakanung'unika, lile benchi likavunjika kabisa ule mguu wake. Kwenye mashine hapakuwa na mahali pa kuandika jina la mama wa mtu, nikawa naliandika kwa penseli nyuma ya kikaratasi.

Fatuma wa makuti alirudi na watoto kwa mama mkwe wake, akamweleza. Hamisi baharia alirudi baada ya miezi mitatu, mzima, na zawadi zake. Mama yake alimpokea kwa pigo la mwiko wa ugali begani. Akamwambia hilo ni la kutoandika, mengine ataelezwa na mkewe. Tangu siku hiyo, kila bandari aliyofika alituma kadi, hata kama haina neno ila jina lake. Alijifunza kuliandika mwenyewe, herufi kubwa, zimelala upande. Nilizitambua kabla hazijatoka mfukoni. Fatuma wa makuti hakuacha kunisalimu, ila kwa mwaka mzima alinisalimu kwa kifupi, nami nikaona ni haki yake.

Lakini mwalimu.

Tulimkuta nyumbani kwake alasiri, chekechea imekwisha kufungwa. Chumba kidogo, kimefagiliwa, sanduku la safari limetolewa chini ya kitanda na kupanguswa vumbi. Nadhani alilitoa asubuhi ile. Aliniona, akamwona mwanamke asiyemjua nyuma yangu, akaiona bahasha iliyofunguliwa. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: kibandiko, jina, dole gumba. Nikamwomba radhi kwa lile neno la mashine.

"Haikusema uongo," akanijibu. "Uliyenikadhibisha ni wewe."

"Ni mimi."

Akaitoa barua. Ilikuwa fupi, akaimaliza mara moja. Akaanza tena juu. Alipoimaliza mara ya pili aliikunja kwa mikunjo ile ile, akaiweka juu ya sanduku. Uso wake haukubadilika. Mikono ndiyo iliyokuwa ikitafuta kitu cha kushika.

Akamgeukia Fatuma wa makuti. "Umeisoma?"

"Sijui kusoma. Nilisomewa. Naijua yote kwa moyo."

"Ulidhani ni yako."

"Siku kumi na tisa."

Mwalimu akatikisa kichwa polepole. Nje watoto walikuwa wakicheza, wakiimba hesabu aliyowafundisha yeye. Tukawasikiliza mpaka wakafika ishirini.

"Siku kumi na tisa za mwanzo za eda nimekwisha kukukalia mimi," Fatuma wa makuti akasema. "Ndizo mbaya. Zinazobaki utazimudu."

Nilidhani amekosea kusema vile. Nikataka kumgusa mkono anyamaze. Lakini mwalimu alitoa sauti kama ya mtu anayecheka na kukohoa kwa pamoja, na machozi yakaanza kumshuka, akayaacha yashuke.

"Siku ya kwanza ulipika nini?" akauliza.

"Sikupika. Sikuweza. Mama alinipikia uji."

"Mimi mama yangu alikufa."

Fatuma wa makuti akavua buibui lake, akalitundika kwenye msumari wa mlangoni. "Unga uko wapi?"

"Kwenye kopo la bluu, chini ya meza."

Akapita jikoni. Tukasikia akipuliza moto. Mimi nilikuwa bado nimesimama na kitabu changu cha sahihi kifuani, kwa sababu barua ilikuwa imekabidhiwa na haijatiwa sahihi, na sikuthubutu kumwambia. Mwalimu alikiona. Akanyoosha mkono, akakichukua, akaandika jina lake lote kwa mwandiko mzuri kama wa ubaoni, akaanza na Mwalimu. Kisha akanirudishia kalamu.

Nikaaga. Nilikuwa nimefika kizingitini aliponiita.

"Bi Mejumaa. Unakwenda wapi?"

"Nawaacheni mpumzike, mwalimu."

"Kaa," akasema. "Mabakuli yapo matatu."